Kosa la Mtumiaji

Kazi yangu, kwa miaka kadhaa sasa, ni kufungua vifurushi vyenye vyuma vilivyovunjika. Kiwanda kiko Midrand, nje kidogo ya Johannesburg, nyuma ya maghala makubwa, na tunatengeneza vipuri vya bunduki za kuwindia za zamani, zile ambazo wenyewe waliozibuni walishaacha kuzitengeneza lakini bado zimo makabatini katika mashamba ya nchi nzima. Hasa tunatengeneza vipuri vya bolti, yaani lile komeo la chuma ambalo mpigaji hulivuta nyuma na kulisukuma mbele ili risasi iingie. Kwenye kichwa cha bolti kuna kipande chembamba chenye ncha iliyopinda, kinacholishika ganda la risasi na kulitoa baada ya kupiga. Sisi wa karakana tunakiita ukucha. Ukucha ukivunjika, ganda linabaki ndani ya mtutu, na bunduki inageuka rungu.

Kila boksi lilikuwa na karatasi inayosema kipuri kina waranti ya maisha. Mteja akivunjikiwa, aliturudishia kipande kwa posta, nami nilikitazama kwa lenzi, nikaandika ripoti, tukamtumia kingine. Mimi ni mtu wa Tanga, nimesomea ufundi wa mashine. Mwenye kiwanda alinitoa kwenye mashine ya kukereza akaniweka kwenye meza ya waranti kwa sababu, alivyosema mbele ya wenzangu wote, Kiingereza changu kilikuwa kizuri na jicho langu halidanganywi na chuma. Nilizipenda sifa zile kuliko nilivyopaswa kuzipenda.

Mwanzoni ilikuwa kazi ya heshima. Vilivyorudi vilikuwa vichache, na vingi vilikuwa vimelika tu kwa kutumika sana. Kasoro ikiwa yetu niliandika ni yetu, na hakuna aliyenigombeza. Wakulima wasiojua hata mimi ni mtu wa rangi gani waliniandikia barua za shukrani.

Tanuri la kukazia chuma lilikuwa mikononi mwa mzee mmoja wa Bukavu. Tulimwita Papaa, kama Wakongo wanavyowaita watu wazima wao, na mimi na yeye ndio pekee tuliozungumza Kiswahili pale, yeye chake na mimi changu. Yeye ndiye aliyenifundisha mambo ya moto. Chuma kikichomwa kikawa chekundu kisha kikazamishwa kwenye mafuta, kinakuwa kigumu sana, lakini ni ugumu wa kigae: ukikigonga kinapasuka. Kwa hiyo hurudishwa tanurini mara ya pili, kwa moto mdogo, kwa muda mrefu, mpaka kipate ustahimilivu. Huo moto wa pili ndio unaofanya ukucha udumu.

Siku moja mchana umeme ulikatika, tena nje ya ratiba ya mgawo. Jenereta yetu ilikuwa ya ofisi na kompyuta tu. Trei nzima ya kucha ilikuwa ndiyo kwanza imeingia kwenye moto wa pili, na umeme haukurudi mpaka jioni. Papaa aliandika kwenye kitabu cha tanuri kwamba kazi ile haikuiva, akaitenga trei kwenye rafu na kuizungushia utepe mwekundu, akisubiri ruhusa ya kuanza upya. Wiki iliyofuata trei haikuwepo na utepe ulikuwa kwenye pipa la taka. Aliniambia habari hiyo tukila chakula cha mchana. Nikamwambia labda wamezirudisha motoni.

"Na nani?" aliniuliza. "Moto hapa ni mimi."

Baada ya miezi kadhaa kucha za trei ile zikaanza kurudi, zimevunjika. Ukucha uliochoka huvunjika polepole, na pale ulipokatika pana sehemu laini na sehemu ya kijivu. Hizi zilikatika kama biskuti, na ndani ziling'aa punje punje. Nilipopata ya tatu nilikwenda kwa mwenye kiwanda na kumweleza yote: trei, utepe, umeme, alichoniambia Papaa.

Hakunikatiza. Ni mtu mpole, wa miaka hamsini na kitu, hajawahi kunipandishia sauti. Alisema wateja wengi siku hizi wanajijazia risasi wenyewe nyumbani na kuzidisha baruti, jambo ambalo ni kweli kwa baadhi yao. Alisema tukikiri moja itabidi tuzirudishe zote zilizotoka, na wengine walishazifunga kwenye bunduki na kuzisahau. Kisha akasema, pale nitakapoona dalili za matumizi mabaya, niandike ni kosa la mtumiaji. Niliposhika kitasa cha mlango akaniuliza kibali changu cha kazi kinaisha lini, maana barua ya kampuni inatakiwa mapema. Alisema kwa wema kabisa. Kibali kile ndicho kilichomweka mke wangu nchini, na binti yetu shuleni, huyu anayenijibu kwa Kizulu nikimsemesha Kiswahili.

Basi nikawa naona dalili.

Nimeandika ripoti nyingi za namna ile, na nyingi sizikumbuki. Nakumbuka moja, kwa sababu mwenyewe alikuja.

Alikuwa mzee wa Kikaburu, zaidi ya miaka sabini, aliyeendesha gari peke yake kutoka shambani kwake huko kaskazini, Limpopo, badala ya kutumia posta. Mimi nimekulia kwenye redio iliyotufundisha kwamba Kaburu ni adui, na tangu nije Johannesburg sijawahi kujua niwatazame vipi. Huyu alivua kofia alipoingia, akaniita bwana kwa lugha yake, nami nikamwita oom, kama wazee wao wanavyoitwa na watu wadogo. Nikamletea kahawa. Akafungua leso mezani. Ndani yake mlikuwa na ukucha wetu, vipande viwili.

Nilivyotazama tu nilijua. Sikuhitaji lenzi, ila niliichukua ili nipate pa kuficha uso.

Alinisimulia bila haraka. Dume lake la ng'ombe lilikuwa limetumbukia kwenye korongo na kuvunjika miguu ya mbele. Alikwenda kulimaliza kwa bunduki aliyoachiwa na baba yake. Alipofyatua, dume likatupa kichwa, na risasi ikapiga taya. Akavuta bolti ili aweke ya pili, akasikia kitu kimekatika. Ganda likabaki ndani. Alijaribu kulitoa kwa kisu, kisha kwa fimbo ya kusafishia mtutu, na dume linalia chini yake. Ilibidi asubiri mpaka jirani aje kutoka shamba la pili, na huko mashamba hayakaribiani. Muda wote huo hakuondoka pale ukingoni. Aliona si haki aondoke.

Mwanawe wa pekee, anayefanya kazi hapa Johannesburg, aliposikia alisema kwamba baba mikono imeshamshinda, kwamba ameisukuma bolti vibaya alipoweka risasi ya kwanza akaivunja, na kwamba sasa ni wakati wa kuuza shamba. Walishalizungumza jambo hilo mara nyingi, na mzee alikuwa amekataa kila mara. Sasa hata yeye alianza kujitilia shaka. Usiku hakuwa akilala, aliirudia ile sekunde kichwani, akijiuliza alisukuma vipi.

"Sikuja kudai kipya," aliniambia. "Nataka karatasi. Kama chuma kilikuwa kibovu, andika kilikuwa kibovu. Kama ni mimi, andika ni mimi, nitakubali."

Nikamwambia asubiri. Nikaenda ofisini. Mwenye kiwanda alitoka mwenyewe kumsalimia, wakaongea Kiafrikaans, wakazungumzia mvua na malisho, akamshika bega na kumpa pole ya dume. Aliporudi ofisini alifunga mlango akaniambia niandike ninachokiona, na kwamba ananiamini. Barua ya kibali changu ilikuwa juu ya meza yake, imeshachapwa, bado haijasainiwa. Sijui kama aliiweka pale makusudi. Nimejiuliza mara nyingi, na siku hizi naona halibadilishi kitu, maana mimi niliiona.

Niliandika kwamba hakuna kasoro ya utengenezaji. Niliandika kwamba inaelekea bolti ilisukumwa kwa nguvu huku risasi ikiwa haijakaa sawa, na kwamba hilo ni kosa la mtumiaji. Nikaweka sahihi. Nikaongeza, kwa maelekezo, kwamba kampuni inampa ukucha mpya kwa hisani yake.

Mzee aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Ukucha mpya aliuacha mezani. Akanishukuru, kwa kweli alinishukuru, akasema angalau sasa anajua. Nilimtazama kupitia dirisha akihangaika kurudisha gari nyuma katikati ya malori, akifanya taratibu mno, kama mtu asiyeamini tena mikono yake.

Papaa alijua kabla saa za kazi hazijaisha. Alinisubiri getini.

"Mdogo wangu, juu ya nini umeandika ni kosa ya ule mzee?"

Nikamwambia kibali changu kinaisha. Nikamwambia nina mtoto.

"Hata mimi niko na watoto," alisema. "Kitabu ya tanuri iko pale, mi niliandika na mkono yangu. Ungeniuliza tu kitabu."

Ni kweli. Sikumwomba kitabu kwa sababu nilijua angenipa. Kesho yake alikipeleka mwenyewe ofisini, akakifungua ukurasa ule, na mwisho wa mwezi aliambiwa kazi imepungua. Hakuniaga. Nimewahi kukutana naye mara moja tu, Marshalltown, katikati ya jiji, anapanga mikanda na chaja za simu kando ya barabara. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba kama anavyojibiwa mpita njia, akaendelea kupanga.

Kibali kilitoka. Na kabla mwaka haujaisha kampuni ilifungwa kwenye makaratasi ikafunguliwa tena kwa jina jingine, jengo lile lile, mashine zile zile, mimi yule yule. Aliyeandika kudai waranti ya zamani alijibiwa, na mimi ndiye niliyejibu, kwamba kampuni iliyotoa waranti ile haipo tena. Maisha yaliyotajwa kwenye karatasi, kumbe, yalikuwa ya kampuni.

Ndipo ikaja barua ya mtoto wa yule mzee. Aliishukuru kampuni kwa ripoti. Alisema baba yake alikuwa mbishi, hasikii la mtu, lakini ripoti ya fundi asiye na upande ilimlegeza. Shamba limeuzwa, bunduki imesalimishwa polisi, na mzee sasa anaishi salama kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku kaskazini mwa jiji. Mwenye kiwanda aliibandika barua ile ubaoni, pamoja na barua nyingine za wateja walioridhika.

Nilikaa na maneno ya barua ile moyoni wiki tatu. Kisha nikachukua karatasi nyeupe, isiyo na jina la kampuni, nikaandika yote: trei, umeme, moto wa pili, na kwamba nilijua. Nikaweka sahihi ile ile. Jumapili asubuhi nikaenda kwenye ile nyumba ya wazee, ambayo jina lake lilikuwa kwenye barua. Naomba nisipambe hapa: nilikwenda baada ya kibali kutoka, si kabla.

Mzee alikuwa amekaa barazani, amenyolewa vizuri, amefunikwa blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Alinikumbuka mara moja. Nikampa karatasi. Aliisoma polepole, akavua miwani.

"Ulijua siku ile, mimi nimekaa pale?"

"Nilijua, oom."

"Kabla sijamaliza kahawa?"

"Kabla hujaanza kuinywa."

Aliifuta miwani kwa ncha ya blanketi. Nilitaka anitukane. Lile neno la zamani walilokuwa wakituitia watu weusi, nililisubiri, ili nami nipate sababu ya kumchukia, tuwe sawa. Hakulisema. Aliuliza tu moto wa pili unachukua muda gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu anayejifunza jambo ambalo angelipenda kulijua zamani.

Kisha akanirudishia karatasi. Nikamwambia ni yake, amwonyeshe mwanawe.

"Shamba lina mwenyewe mwingine sasa," alisema. "Nikimwonyesha, atanichukia au atajichukia. Na yeye ndiye pekee anayekuja." Akatazama saa ya mkononi. "Huja baada ya kanisa. Afadhali asikukute."

Nikaomba radhi. Alisema amenisikia. Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kumuuliza. Nilipokuwa nashuka ngazi gari liliingia, akashuka mwanamume wa rika langu amebeba sahani iliyofunikwa karatasi ya alumini. Alinisalimu kwa adabu, akidhani nafanya kazi pale.

Karatasi nimeiweka kwenye bahasha moja na pasipoti zetu, kwa kuwa hatuna mahali pengine pa kuweka makaratasi nyumbani. Mke wangu aliikuta alipokuwa akitafuta cheti cha mtoto, akaisoma akiwa amesimama. Aliniuliza kama kucha nyingine za trei ile bado zimo kwenye bunduki za watu. Nikamwambia zimo. Aliniuliza kama watu hao wanajua. Nikamwambia hawajui. Akairudisha kwenye bahasha, akaenda kuendelea na mapishi, na tangu siku ile hajaniuliza tena habari za kazi.