Gari Tulilolificha Kwenye Mikorosho

Niliondoka nyumbani Ufukoni kwa sababu ya mdomo wangu. Dada yangu alisema ukoo mzima hauna mtu mwingine anayeweza kupatana bei na wauza samaki mpaka wao ndio waseme ahsante, kwa hiyo niende Msimbati nikamposee mwanawe, Hamisi. Binti ni Zuhura. Na haraka ilikuwapo: kesho yake, Jumapili, watu wa Lindi walikuwa wanakuja kwa akina Zuhura na posa yao, na ilisemekana nao wamebeba mtu wa maneno. Huku kwetu mjomba ndiye anayekwenda. Nikavaa kanzu, nikapanga zawadi kwenye kikapu, nikazihesabu, nikazitoa, nikazihesabu tena. Zilikuwa zilezile.

Asubuhi, Shangani. Hamisi alinisubiri kando ya gari lake jipya. Jipya kwake, kuna Mjapani alishalitumia akalichoka. Kazi ya Hamisi ni kufunga intaneti isiyo na waya kwenye nyumba za watu, na kwa kuwa kitanda cha seremala ndicho huwa kibovu, sikutegemea kitu. Kumbe juu ya paa la gari ameweka kisahani bapa, kama sinia la pilau lililofunikwa, kinachovuta mtandao kutoka angani moja kwa moja.

"Usiku limejipakulia ramani mpya, Mjomba," akasema. "Mimi nimelala, lenyewe linasoma."

"La kwangu likilala linavuja oili."

Gari lile lina mioyo miwili, wa petroli na wa betri. Mjini lilikwenda kwa betri, kimya kabisa, hata nikamuuliza Hamisi kama limewaka au kuna watu wanatusukuma.

Tulipoipita Ziwani, Hamisi akapiga miayo. Gari likalia mara mbili, kwa sauti ya mtu anayekohoa msikitini.

"Hapo juu kuna kamera," akaeleza. "Inamwangalia dereva asisinzie."

"Na mimi inaniona?"

"Inaona gari zima, mpaka kiti cha nyuma."

Nikanyoosha kola ya kanzu, kisha nikalisahau jambo hilo. Wewe usilisahau.

Karibu na Madimba mbuzi akajitosa barabarani. Kabla Hamisi hajagusa breki, gari likazifunga lenyewe, kikapu changu kikanirukia magotini. Yule mbuzi akatutazama kama mtu aliyezoea kuheshimiwa, akapita. Mbele zaidi njia ikawa mchanga. Gari lina kazi ya kumwonya dereva akitoka kwenye mstari, lakini hapa mistari ilikuwa ya bodaboda, kila mmoja na nia yake. Likanung'unika kidogo, likakata tamaa.

Msimbati tuliingia jua likiwa halijakaza. Ukitazama kusini, kule Ruvuma inakoingia baharini, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mbele ya kijiji yana rangi ya chupa. Dagaa wameanikwa, harufu yao inakupokea kabla ya wenyeji.

"Simama hapa," nikamwambia Hamisi, tulipofika kwenye mikorosho.

"Bado hatujafika."

"Ndiyo maana. Mnunuzi akiingia dukani na viatu vipya, analipia na viatu. Wakiliona gari hili, masharti yatapanda mpaka kwenye kisahani chako. Na wewe siku ya posa huonekani uani kwa wakwe. Kaa humuhumu."

Nikaenda kwa miguu, kikapu mkononi, nikichechemea kidogo kwa faida ya bei.

Uani nilipokelewa na Mzee Bakari, baba yake Zuhura, na Bi Somoe, bibi yake mzaa mama, ambaye alinitazama ndala, akanitazama uso, akarudi kwenye ndala.

"Umetembea kutoka Ufukoni?" akauliza.

"Njia nzuri, mama."

"Basi vumbi la siku hizi lina adabu. Halikai miguuni."

Nikafungua kikapu, nikafungua na mdomo. Nilisema vizuri, najisifu. Mzee Bakari akasikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Shemeji, mimi nimezaa tu. Mwenye neno ni mjomba wake, Selemani."

Selemani, mtoto wa Bi Somoe, ni mpishi melini. Siku ile meli yao ilikuwa imefunga gati nchi za mbali na ingeng'oa nanga mchana. Ikitoka, hapatikani kwa miezi. Mzee Bakari akampigia. Sauti ikaja kwa vipande, lakini kipande kikubwa nilikisikia: "Mtoto wa dada yangu simtoi kwa sauti. Nataka nione nyuso za watu. Nisipoziona leo, wa kesho nao wasubiri mpaka nirudi."

Wakajaribu picha. Pale kijijini simu inakubali maneno tu. Picha ikawa kiduara kinachozunguka. Bi Somoe akaishika simu kwa mikono miwili, akakitazama kile kiduara kwa subira.

"Huyu ndiye mwanangu," akaniambia. "Tangu Zuhura yuko darasa la tano, kila wakinionyesha ni duara."

Nikapiga hesabu. Nikiendelea kuficha gari, Hamisi anangoja mke kwa miezi, bega kwa bega na watu wa Lindi. Nikilitoa, kisahani chake kinaleta picha, ila nimekosa bei. Nikapiga tena, jibu likawa lilelile, na uso wa yule mama ukaongezeka upande mmoja wa mzani.

"Mzee Bakari," nikasema, "kuna gari."

"Lile la bluu? Liko kwenye mikorosho yangu. Tumeliona tangu mnafika. Tulikuwa tunangoja uchoke kuchechemea."

Nikarudi mbio mikoroshoni, mguu umepona. Hamisi hatakiwi kuonekana, kwa hiyo nikamlaza nyuma, nikamfunika khanga ya dada yangu iliyokuwa imeachwa garini. Nikakaa kwenye usukani, nikabonyeza. Kimya.

"Limekufa," nikasema.

"Limewaka, Mjomba," khanga ikajibu. "Tena linakwenda."

Tukaingia uani kimya hivyo hivyo, hata kuku hawakugeuka. Gari lenyewe ndilo lililosimama kuwangoja wapite. Khanga ikaninong'oneza pa kubonyeza. Bi Somoe akaketi mbele kando yangu, Mzee Bakari akainama mlangoni. Skrini ikawaka, na humo, angavu kama mtu aliye dirishani, mwanaume mwenye ndevu na kofia nyeupe ya jikoni.

Bi Somoe akanyoosha mkono. Aliweka kiganja kwenye skrini, kwenye shavu la mwanawe, na simu ikakatika, maana ndipo penye kitufe. Tukapiga tena.

"Mama, usinishike!"

"Nitakushikaje wewe? Umenenepa!"

Wakaongea, wakalia, wakacheka, na mimi mposaji nikawa kama dereva wa kukodi. Hatimaye Selemani akanigeukia.

"Wewe ndiye mjomba wa kijana?"

"Ndiye. Kijana mwenyewe ni mpole, mchapakazi, hana makuu..."

"Na huyo aliyelala nyuma kajifunika khanga ni nani?"

Ile kamera! Bi Somoe akageuka, akaivuta khanga kwa ncha. Hamisi akainuka, nywele zimesimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umelala salama?"

Mzee Bakari alicheka mpaka akashika mlango. Ndani ya nyumba nako kukatoka kicheko cha msichana, na Hamisi akakitambua, nilimwona alivyotega masikio.

"Mzee," Selemani akaniambia, machozi ya kicheko bado yanamtoka, "mahari atataja Zuhura mwenyewe. Mimi nina sharti moja. Kila meli yangu ikifunga gati, gari hilo lije hapo uani, mama anione."

"Mara moja kwa mwezi," nikasema. Mdomo haukuniuliza.

"Kila ikifunga gati."

"Na hufunga mara ngapi?"

"Anajua nahodha na Mungu. Tena nahodha hana uhakika."

Maisha yangu yote sijawahi kukubali kitu kisichohesabika. Nikamtazama Bi Somoe, mkono wake umesimama hewani karibu na skrini, unajizuia usiguse.

"Tumekubali," nikasema. Vigelegele vikatoka ndani kabla sijafunga mdomo.

Jioni tulirudi Mtwara na nazi, dagaa na jibu. Nilichojifunza safari ile ni hiki: gari la siku hizi linaona mbuzi, linaona usingizi, linaona posa, na mtu wa kuficha mambo bora apande baiskeli. Tangu hapo Selemani amefunga gati mara nne. Hamisi anasema tano. Bi Somoe anasema hazijatosha, na hesabu yake ndiyo tunayoifuata.