Mama wa Mgombea

Mama alikuwa na mzaha mmoja aliourudia kila wageni walipokuja kwetu Edmonton, hapa London. Alininyooshea kidevu nikiwa nimeshika sinia la chai, akasema: "Huyu nilimzaa kwa kujifunza. Yule wa Marekani ndiye niliyemzaa kwa kukusudia."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na sitaki kuandika hapa kwamba nilicheka kwa kulazimishwa, maana siku nyingine ulinichekesha kweli. Mama anajua kusema.

Haya nayatoa kwenye daftari langu la mwaka ule. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo pale sentensi inapopinda, msomaji anisamehe. Niliacha shule ili mdogo wangu wa kiume aendelee, na aliyeamua ni mama. Haki yake nimpe: ada ya watoto wawili haikuwepo, na mdogo wangu alinizidi akili, hilo hata walimu walisema. Mama alikaanga vitumbua stendi ya Morogoro miaka yote hiyo, mikono yake mpaka leo ina makovu ya mafuta. Hakuna raha aliyoila kwa kunitoa shule. Alichagua tu, na akichagua hageuki nyuma.

Mdogo wangu akaenda Marekani kusoma, akaoa huko, akapata uraia. Mimi nikaja London kufanya kazi ya ukea; kea ni mtu wa kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza wazee wa watu vitandani. Baada ya makaratasi ya miaka, mama akaja kukaa kwangu. Miguu yake inavimba. Kila asubuhi kabla ya shifti nilimvisha zile soksi za kubana, kazi ya dakika kumi, naye akinielekeza kana kwamba sijawahi kuona mguu.

Ndipo mdogo wangu akagombea Kongresi.

Kwa asiyejua, nieleze kama nilivyoelezwa. Kila jimbo la Marekani, lile kubwa lenye gavana, limekatwa vipande vinavyoitwa wilaya, isipokuwa majimbo madogo sana. Kila wilaya inapeleka mtu mmoja kwenye Baraza la Wawakilishi, upande mmoja wa hiyo Kongresi. Kila miaka miwili wilaya zote zinachagua siku moja. Mistari ya hizo wilaya huchorwa upya baada ya muda, na kwenye jimbo la mdogo wangu wanaochora ni wanasiasa wenyewe. Nilimuuliza kama hiyo ni haki. Akasema, dada, ndivyo ilivyo.

Nilichapisha ramani ya jimbo lake maktaba, mama akaibandika kwenye friji. Mama hasomi Kiingereza, Kiswahili chenyewe anasoma kwa kuburuta kidole, lakini zile wilaya alizijua zote kwa maumbo yake. Moja aliita buti. Nyingine muhogo uliokatwa. Ya mdogo wangu, nyembamba na ya kujipindapinda, aliita utumbo wa kuku. Nikiwa nimepiga magoti na soksi mkononi aliniuliza, utumbo unasemaje leo? Nikamsomea habari kwenye simu. Akauliza na buti je, na muhogo. Watu wa kanisani walishangaa kumsikia. Ibada yetu ni ya Kiswahili, na huko walishaanza kumwita Mama Mheshimiwa, nusu kwa heshima, nusu kwa kumtania. Yeye alisikia nusu moja tu.

Siku moja mdogo wangu alipiga simu, mama akaniambia niweke spika. Akasema: "Mama, nikishinda, siku ya kuapa utasimama pembeni yangu. Dunia nzima ikuone." Nilisikia kwa masikio yangu, sikuambiwa na mtu. Wiki hiyohiyo mama akanipeleka kwa fundi Tottenham, akashonewa suti ya kitenge, rangi ya maziwa yenye maua ya kijani. Ikakunjwa ndani ya sanduku, sanduku likawekwa miguuni pa kitanda. Akishuka kitandani alilishika kwanza kwa mkono, ndipo akasimama.

Halafu mistari ikachorwa upya. Nyumba ya mdogo wangu ikaangukia upande ambao chama chake hakina watu. Akaamua kugombea wilaya ya jirani, ile ya muhogo, alikozaliwa mkewe. Kisheria inaruhusiwa. Lakini watu wa pale wakamwita mgeni aliyekuja kuokota kiti. Mpinzani wake alisimama kwenye mkutano akauliza, huyu bwana ana nani wa kwake hapa? Nilipomsomea mama, aliniagiza nimwambie mdogo wangu aseme mama yake yuko hai na anaweza kwenda kusimama hapo akaonekana. Nilimwandikia. Alijibu kwa alama ya moyo.

Kipeperushi chake nilikikuta mwenyewe kwenye ukurasa wa kampeni, nikiwa kwenye basi natoka kazini. Picha ilikuwa nzuri. Mdogo wangu amevaa koti la buluu, mkewe yuko kulia, watoto wawili wamekaa chini. Katikati, kwenye kiti, bibi mwenye nywele nyeupe na gauni la zambarau, amemshika mdogo wangu mkono. Chini yake wameandika kwa Kiingereza kwamba mgombea yuko pamoja na mama yake, aliyefundisha watoto kanisani katika wilaya hii maisha yake yote.

Nilisoma mara nne. Kiingereza changu sikiamini, kwa hiyo nikatafuta kwenye simu kama lile neno la mama linaweza kuwa na maana ya mama mkwe. Halina. Nikapitiliza kituo.

Nilimpigia mdogo wangu. Nataka niandike alivyosema bila kuongeza. Alisema maneno yale waliandika vijana wa ofisi yake, yeye aliyaona yameshatoka. Alisema wapiga kura hawana muda wa kueleweshwa nani ni mkwe wa nani, na mama mkwe wake ni mtu anayejulikana pale. Nikamwambia, na mama je? Akasema: "Mama hasomi Kiingereza, dada. Wewe ndiye unayemsomea."

Kisha akaniuliza miguu ya mama inaendeleaje.

Pengine ni kweli waliandika vijana. Ila wiki tatu zilipita na maneno hayakubadilishwa.

Mama alipoiona picha aliuliza yule bibi ni nani. Nikasema ni mama mkwe wa mwanao. Huo haukuwa uongo. Aliiangalia sana, akasema amekalia kiti changu, lakini si mbaya, akishike kwanza mpaka nifike. Akanituma nichapishe picha ile, akaibandika kwenye friji kando ya ramani. Kwa hiyo wiki tatu nilikunywa chai yangu nikiyatazama yale maneno, na kila siku niliandika kwenye daftari: sijamwambia. Siku nyingine nilidhani nanyamaza kwa huruma. Siku nyingine nilijiona kama mtu aliyeficha kisu kabatini na anajua kiko rafu gani.

Jumapili moja mchana walikuja akina mama wawili wa kanisani. Mmoja ni mnene, mcheshi, muuza samaki wa zamani. Mwingine ana miwani, anafanya kazi ofisini, anaongea kwa kupima. Walitusalimia, wakaketi, wakamwita Mama Mheshimiwa. Nikaleta chai. Mama akaonja, akasema chai hii imepikwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kuogesha Wazungu. Wakacheka. Akaleta na ule mzaha wake wa kujifunza na kukusudia, wakacheka tena, ingawa walishausikia.

Yule mnene, na nadhani alitaka kunisaidia, akauliza: "Sasa kwenye kuapa si mtaenda na dada? Nani atakuvisha soksi huko?"

Mama akasema: "Huyu? Nimpeleke wapi? Nimtambulishe kama nani?"

Yule mnene alicheka kwa mazoea. Mwenye miwani akaangalia kikombe chake.

Mengine yote ya siku ile nayakumbuka kwa ukungu, hili nalikumbuka vizuri. Niliweka sinia chini. Nikaenda kwenye friji, nikabandua picha. Nikamwambia: "Mama, kuna maneno hapa chini sijakusomea."

Nikayasoma kwa Kiingereza kwanza, sijui kwa nini, labda nionekane msomi. Kisha kwa Kiswahili. Mgombea yuko pamoja na mama yake, aliyefundisha watoto kanisani katika wilaya hii maisha yake yote.

Mama akasema nimekosea, Kiingereza changu ni cha kuoshea watu. Akampa mwenye miwani karatasi. Yule mama aliisoma taratibu, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Ndivyo walivyoandika, mama," akasema.

Mama akanirudishia mimi. "Soma tena."

Nikasoma tena. Mara ya kwanza naweza kuitetea: ni ukweli, ulikuwa wake, alikuwa na haki nao. Mara ya pili ndiyo inayonisumbua. Mara ya pili nilisoma polepole, neno moja moja, kama mtu anayesomea mtoto, na nilipofika kwenye "mama yake" nilinyanyua macho nikamtazama. Hilo sikuombwa.

Wale wageni hawakumaliza chai. Mlangoni yule mnene alinibana mkono kwa nguvu, sikujua ni pole au ni onyo. Nilivyorudi sebuleni mama alikuwa bado amekaa wima. Hakulia. Aliniambia: "Umengoja watu waje."

Nilikuwa na wiki tatu, asubuhi ishirini na moja, sisi wawili peke yetu na mguu wake mikononi mwangu. Nilichagua siku yenye mashahidi. Yeye angefanya hivyohivyo, na pengine ndiyo maana alinishtukia papo hapo.

Picha ilirudi kwenye friji. Yeye ndiye aliyeirudisha.

Siku ya matokeo niliyasoma asubuhi, mama anakunywa uji. Ramani ya jimbo lote kwenye simu ilikuwa imepakwa rangi, wilaya kwa wilaya. Buti limechukuliwa na wale wengine, wa chama pinzani. Utumbo nao umekwenda kwa wale wengine. Muhogo, wa mdogo wangu, ameshinda. Kulikuwa na video fupi: yuko jukwaani anashukuru watu, na yule bibi wa zambarau amesimama pembeni yake, anapunga mkono kwa haya. Anaonekana mtu mwema. Sina ubaya naye. Mama alitazama mpaka mwisho, akasema gauni lile limekatwa vizuri mabegani.

Mdogo wangu alipiga jioni. Spika. Mama akasema hongera baba, hongera sana, Mungu akutunze. Habari ya picha hakuigusia kabisa. Mdogo wangu akaeleza kwamba siku ya kuapa kuna baridi kali, nafasi za wageni ni chache mno, viza inachelewa, na safari ndefu si nzuri kwa miguu yake. Tutapanga siku nyingine, mama, nzuri zaidi. Mama akasema ndiyo baba, kweli kuna baridi. Alisema ndiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kumsikia akimwambia mtu yeyote. Simu ilipokatika akaniambia uji wa asubuhi ulikuwa na madonge.

Tangu hapo ule mzaha aliuacha. Nilidhani nitafurahi. Wageni walikuja, nilipita na sinia, hakunitaja kwa kidevu wala kwa mdomo.

Mwezi wa kwanza tulipata barua kwamba kliniki yetu inafungwa, tujiandikishe nyingine, vituo vitatu kwa basi. Asubuhi ya kwenda kujiandikisha nilimvisha soksi, nikafungua kabati nimtolee sweta. Akasema hapana, fungua sanduku. Akavaa ile suti ya kitenge, rangi ya maziwa, maua ya kijani. Akataka nimfunge na kilemba. Tulipanda basi hivyo, na kusema kweli alipendeza, mtu mmoja alimpisha kiti kabla sijaomba.

Dada wa mapokezi alinipa fomu na kalamu. Nikajaza jina la mama, tarehe yake ya kuzaliwa, dawa zake zote kwa kichwa. Nikafika penye mtu wa kuitwa ikitokea dharura. Nikamuuliza kwa utaratibu tu, kwa sababu huwa namuuliza kila kitu hata nikikijua.

"Andika mwanangu," akasema. "Mheshimiwa. Andika na wilaya yake."

Nikasema huyo yuko ng'ambo ya bahari, mama, ukianguka bafuni atakunyanyuaje? Akasema andika. Nikaandika. Chini yake kulikuwa na nafasi ya mtu wa pili, jina na uhusiano. Nikaandika jina langu, kalamu ikasimama. Sikumtazama. Yule dada wa mapokezi, kwa wema wake, aliinama akamuuliza mama kwa Kiingereza mimi ni nani wake.

Mama ana maneno machache ya Kiingereza, aliyookota kwangu. Akajibu vizuri, kwa sauti ya kusikika na waliokaa nyuma: "Kea."

Yule dada akatabasamu. Mama akanigeukia. "Umeandika?"

Nikaandika. Si uongo, ndiyo kazi ninayomfanyia, na kwenye fomu nyingine za serikali nimeshajiandika hivyo kwa hiari yangu.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea.

"Soma tena," mama akasema, akanitazama usoni, na mimi nikasoma tena, polepole.