Wimbo wa Madamu Mbuyi na Kambale Wengi wa Mususa

Enzi zetu, nawe uliyekulia Butembo utanishuhudia, mtoto hakubembelezwa kwenda maternelle, shule ya chekechea. Harufu ya viazi vya Masereka ilikutoa kitandani, baridi ya asubuhi ikamalizia kazi. Ulipakwa mafuta mpaka ukang'aa, ukapewa kiazi cha moto mkononi na kingine mfukoni, ukatoka mbio. Watoto wetu wa leo hupelekwa kwa pikipiki, wakiwa na begi kubwa kuliko wao, na bado wanalia.

Maternelle yetu ya mtaa wa Mususa ilikuwa chumba kimoja cha mbao nyuma ya kanisa. Tulikalia vigogo vya mikaratusi, tukafinyanga ng'ombe wa udongo, tukajifunza kuhesabu kwa punje za mahindi ya kuchoma. Hesabu haikutimia kamwe, maana wengine walihesabu kwa meno. Mwalimu wetu, Madamu Mbuyi, alitoka Kasai akimfuata mumewe, mtumishi wa serikali. Vita vilifunga njia wasiweze kurudi kwao, ndipo akaona heri atukusanye sisi wadogo.

Mwaka ninaousimulia, mimi nilikuwa nimeshaingia primeri, na zamu ilikuwa ya mdogo wangu Kambale. Kwa sisi Wanande mvulana wa pili ni Kambale, awe wa tajiri au wa mkulima. Siku ya kwanza Madamu aliita Kambale, na karibu nusu ya wavulana wakasimama. Maskini, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatunga wimbo: kila asubuhi kila mtoto aliimba jina lake, la baba na kazi yake, la mama, mtaa wao, na kitu kilicho karibu na nyumba yao.

Siku moja baba, muuza maharagwe aliyeyafuata mpaka mji wa Kirumba, alimkuta Kambale njiani akiliimba jina la baba yake kwa sauti yote. Alikasirika sana.

"Hapana kuimba jina ya muzazi mu barabara," akamwambia. Walipofika nyumbani akamgeukia mama. "Na hii wakati ya basoda, anatangaza nyumba yetu kwa kila mutu? Kule banacheza tu. Abakie ku nyumba, nyanya yake atamuchezesha."

Heshima ilikuwa heshima, na hofu yake ya askari haikuwa ya bure. Mama alimsihi amwache mtoto mpaka mwisho wa mwezi, naye akakubali shingo upande.

Mwezi haukuisha. Bunduki zililia upande wa barabara ya Beni, na mji mzima ukapanda kuelekea Masereka. Kambale alikuwa ameshika koti la baba. Gari la askari lilipita kwa kasi, watu wakatawanyika migombani, na tulipojikusanya hakuwapo. Baba akaita Kambale kwa nguvu zake zote. Watoto wa watu wakaitika kutoka kila upande wa kilima. Tulimwangalia kila aliyetokea, na hakuwa wetu.

Kesho yake, sokoni Masereka, mwanamke asiyetujua alikuwa akipita kila kundi la wakimbizi akiuliza. Alipofika kwetu alimtazama baba.

"Ni weye Kasereka wa maharagi, wa Mususa, karibu na mashine ya kusaga? Mutoto wako iko kwa bapadri. Anaimba jina yako tangu jana."

Baba alikaa pale pale kwenye tope, akalia mbele za watu.

Uani kwa mapadri tulimkuta Kambale akila kiazi, mzima kabisa. Pembeni yake alikaa binti mdogo asiyemwachia mkono. Alipoulizwa jina, alisema Masika, jina la kila binti wa kwanza. Baba yake ni nani? Papa. Na mama? Mama. Tuliwasubiri watu wake mpaka njia ikafunguka, na hakuna aliyekuja. Tukarudi naye, nyumbani tukawa na Masika wawili, mimi na yeye.

Asubuhi ya kwanza maternelle ilipofunguliwa, baba aliwapeleka wote wawili mwenyewe. Alivua kofia mlangoni.

"Madamu, huyu hajue jina ya papa yake," alisema. "Umufundishe yangu."

Zamani imepita, na sitasema yote yalikuwa mazuri. Masika wetu sasa ni mwalimu wa maternelle kule Beni. Wanafunzi wake wana viti vya rangi na bembea, wanakusalimu kwa Kifaransa mpaka unaona aibu kujibu. Ukiwapa kiazi cha moto watakuuliza mayonezi iko wapi. Mimi nawacheka, ila nawaonea fahari. Masika hajajua mpaka leo aliyemzaa aliitwa nani. Wanaoingia darasani kwake hawajui kufunga kamba za viatu, lakini hakuna anayefika likizo ya kwanza bila kujua yeye ni mtoto wa nani.