Santuri niliiunguza mimi, msamaha akaomba shemeji

Admin, nakuomba jina langu lisionekane. Dodoma imekua siku hizi, lakini sisi wa zamani bado tunajuana, na ninaowasema hapa wana wajukuu wanaofuatilia ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na nne, mstaafu, mke wangu alishatangulia mbele za haki. Hili ninaloandika hata yeye alikufa bila kulijua.

Rafiki yangu nitamwita Yona. Tulikuwa makarani ofisi moja. Alipofunga ndoa, mimi na mke wangu ndio tuliokuwa wasimamizi wake, kwa hiyo wakikwaruzana na mkewe ni kwetu walikotakiwa kuja.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, maduka yalijaa kanda na redio mpya, na watu wakawa wanatupa santuri zao kama makopo matupu. Sisi marafiki wanne tukawa tunaziokota. Kila Jumapili baada ya ibada tulikutana sebuleni kwa Yona kuzisikiliza. Katika zote, mfalme ilikuwa moja tuliyoiita Njano, kwa rangi ya jalada lake. Yona aliachiwa na daktari mgeni aliyemaliza mkataba wake Mpwapwa. Ni muziki wa Walatini wa Amerika, jazi iliyochanganywa na fanki. Tumba zinaanza taratibu, besi inaingia kwa maringo, halafu tarumbeta zinapasuka na nyote mnajikuta mmesimama. Kihispania hatukijui, kiitikio tulikiimba kwa Kigogo cha kubuni, watu wazima na suti zetu za kanisani.

Sheria ya Yona ilikuwa moja. Njano haishikwi na mtu mwingine, na haitoki nje ya nyumba ile. Nilimwomba mara tatu nikairekodi kwenye kanda, akakataa mara tatu. Niliipenda ile santuri mpaka nikaanza kumwonea wivu mwenye nayo.

Siku moja Yona akaenda msibani Kibakwe. Nikapita kwake kama mtu anayekuja kujulia hali. Shemeji alinikaribisha vizuri, akaenda jikoni kunichemshia chai. Huku nyuma nikaitoa sahani kwenye jalada, nikaifunika gazeti, jalada nikaliacha mahali pake. Chai ya watu nikainywa yote.

Nikaifunga kwenye kariali ya baiskeli, huyo mjini kwa fundi wa kurekodi kanda. Fundi alikuwa ameenda kula. Nikakaa kivulini kupiga soga, baiskeli nimeiacha juani, na jua la Dodoma la mwezi wa kumi mnalijua. Niliporudi, Njano ilikuwa imejikunja kama chapati.

Mtu mwenye akili angeenda kukiri. Mimi nikaenda nyumbani kuwasha pasi ya mkaa. Nilijiambia kwamba kama kilichoikunja ni joto, joto litainyoosha. Nikatandika kitenge juu yake nikapiga pasi. Kunyooka ilinyooka, lakini mifereji ya upande mmoja iliyeyuka, na ncha ya pasi ikabaki imejichora pale pale. Kesho yake nikarudi kwa shemeji, nikaletewa chai tena, nikairudisha kwenye jalada.

Sasa sikieni ubaya wake. Shemeji alikuwa na kawaida ya kupigia pasi pale pale sebuleni, juu ya meza iliyokuwa karibu na santuri. Yona aliporudi na kuona alama ile, hakuuliza mtu mwingine. Hakumpiga wala hakumtukana. Alinyamaza, wiki mbili haongei na mkewe, chakula anakigusa tu. Mwisho wakaitwa wasimamizi wa ndoa, yaani mimi na mke wangu.

Shemeji alilia, akaapa kwamba hakuigusa. Kisha akanigeukia mimi.

"Shemeji, na wewe unaamini ni mimi?"

Ndugu zangu, naona aibu hata kuandika nilichomjibu.

"Kwani pasi ya humu ndani ni ya nani?"

Nikaendelea kumshauri ajishushe, amwombe mwenzake radhi, yaishe. Akasema labda kweli aliiweka pasi pale bila kujua. Akapiga magoti mbele yetu, akaomba msamaha. Yona alimsamehe, na kweli yakaisha, ila muziki nao ukaisha. Rekodi pleya aliigawa, Jumapili zetu zikafa. Na tangu siku ile shemeji hapigi pasi ndani ya nyumba, anapigia barazani, hata kukiwa na upepo wa vumbi.

Jumamosi ijayo wanaadhimisha miaka arobaini ya ndoa, na mimi msimamizi ndiye wa kutoa nasaha. Wiki iliyopita shemeji aliniita pembeni, akafunua khanga kunionyesha kitu. Ni Njano, mpya kabisa. Binti yao aliyeko nje ameipata. Kumbe wakusanyaji wa santuri huko wanaitafuta sana, mpaka imetolewa upya.

"Nataka nimkabidhi mbele ya watu," akasema, "na nimwombe msamaha vizuri. Siku ile niliomba huku moyoni nikikataa. Nimezeeka, shemeji, sitaki kubaki na kiburi kile."

Nikamwambia ni wazo zuri. Mdomo huu huu.

Nishaurini, nifanye nini? Nikimwambia Yona sasa, nitakuwa nimeharibu sherehe ya watu waliosameheana zamani. Nikinyamaza, mama wa watu atapiga magoti mara ya pili kwa kosa langu, na mimi nitakuwa nimeketi meza kuu. Au nianze na yeye mwenyewe, na nitaanzia wapi? Jana nilipita kwao nikiwa nimejiandaa kusema. Nilimkuta barazani, ananyoosha shati jeupe la Yona la Jumamosi. Akaweka pasi chini, akaenda kunichemshia chai.