Chupa Ishirini na Mbili za Nyanya

Shule mimi niliachia darasa la tano, na sijawahi kuililia. Nimebeba mawe Woodley, nimechanganya simiti Kilimani, na leo nina nyumba ya ghorofa nne hapa Kabiria, jina langu peke yake kwenye hati. Kwa hivyo nyanya zilipojaa shambani nyuma ya nyumba, sikuona wa kunifundisha kuzihifadhi kwa chupa. Maji nayajua. Moto naujua.

Binti yangu anakaa Kilimani, na alikuwa na mimba ya miezi saba. Kila chakula kilimtapisha isipokuwa supu ya nyanya, tena nyanya zangu. Za sokoni alisema zina ladha ya maji. Na msimu ulikuwa unaisha. Nikasema mjukuu wangu wa kwanza hatashinda njaa nikiwa hai.

Ilinila siku nzima. Kuzimenya, kuzipika, kuosha chupa, kuzijaza, kisha kuzichemsha zikiwa zimezama ndani ya sufuria kubwa ya harusi. Mgongo ulinikata. Kwa simu niliona mtu akisema dakika thelathini na tano, na maji ya ndimu kila chupa. Dakika nikafuata. Ndimu nikakataa. Nyanya tamu hivi uzitie uchachu wa nini? Chupa zilipopoa, vifuniko vikabonyea chini, tak, tak, vyote ishirini na viwili. Kesho yake nikampelekea binti yangu sita, na nyanya mbichi kidogo.

Siku ya nne nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, mgongo bado haujanisamehe, nikimwonyesha mpangaji wangu zilizobaki. Ni mama wa Mombasa, mwalimu wa madrasa, na achari zake zinajulikana mpaka Kawangware.

"Mashallah, rangi hiyo," akasema. "Ndimu umetia kiasi gani?"

"Hakuna ndimu hapo. Hiyo ni nyanya safi, mama."

Akairudisha chupa ngazini polepole. "Na umechemsha muda gani?"

"Thelathini na tano."

"Hizo ni dakika za kwetu pwani, landilodi. Huku kwenu juu maji yanatokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Maharagwe yako si yanachukua nusu siku? Mimi huku huongeza robo saa. Na bila ndimu, sumu yaweza kuota humo ndani usijue. Haina harufu, haina rangi."

Nikamwambia vifuniko vimeshika. Akasema hapo ndipo sumu hiyo inapopenda, pasipo na hewa.

"Basi nitawapa kuku."

"Kuku nao wamekukosea nini?"

Nilikaa na simu mkononi. Mtoto wangu sijawahi kumpigia kumwambia nimekosea. Tangu azaliwe. Nikapiga.

"Baba! Nimeweka tu sufuria kwa moto."

"Umefungua chupa?"

"Naifungua saa hii."

"Iweke chini. Zile zingine?"

"Sijagusa hata moja, nilikuwa namalizia zile mbichi ulileta. Kwani nini? Si ulisema ukifanya kitu hakuna fundi wa kukurekebisha?"

"Nilisema. Sasa nimekosea. Usifungue."

Kisha akauliza, sauti ndogo kama ya zamani, "Sasa mimi nikule nini?"

Nikarudi shambani nikachuma zote zilizobaki, nusu bado na kijani, nikaenda. Nilimpikia jikoni kwake nikiwa nimekalia ndoo, maana magoti yalikuwa yamekataa. Zile chupa sita nilikuwa nimezifunga kwenye gunia mlangoni bila kuzifungua.

Alikula bakuli mbili na hakutapika. Akaangalia gunia.

"Baba, lazima utupe zote? Zinakaa poa kabisa."

"Zote. Na zile kumi na sita za nyumbani."

"Na msimu umeisha."

"Umeisha," nikasema. Nikainuka, nikashika ukuta kidogo, nikalibeba gunia nikashuka nalo.