Mkono Unapoangalia

Alasiri zile za mtaani Misunkumilo zimechanganyika kichwani mwangu mpaka zimekuwa moja, ndefu. Ukumbi wa kanisa, madirisha wazi, vumbi likielea kwenye mwanga, vizibo vya soda vikigonga ubao wa drafti, ko, ko. Nilikuwa nikiwafundisha watu wenye ulemavu kucheza drafti mara mbili kwa wiki. Wengine walisinzia, wengine waliiba kete za wenzao mchana kweupe. Nilikuwa na furaha, wala sikuitafutia sababu.

Mmoja wao alikuwa mzee wa Kisukuma, mfugaji aliyepoteza macho ukubwani. Nilimtengenezea ubao wenye vijiti vyembamba kati ya vyumba, ajue mipaka. Vizibo vyake vilitazama juu, vyangu chini. Aliupapasa ubao wote taratibu, kama anayekagua ng'ombe wake zizini, kisha akanifunga. Mimi hujisifu kwa drafti, iliniuma.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "pale kijiweni Majengo nakaa nao kila siku. Wananipa kiti, wananipa chai. Hakuna anayenipa mchezo. Nataka kucheza na wale."

Tukaenda, ubao wetu kwapani. Fundi baiskeli, bingwa wa pale, akakubali kukaa naye. Mzee akaanza kama tulivyozoea, akapitisha vidole juu ya kete.

"Umegusa!" fundi akasema. "Ukigusa umecheza, mzee. Cheza hiyo hiyo."

Uso ukanichemka. Sheria hiyo kila kijiwe kinaijua, nami kwa miezi yote ile sikumfundisha, maana ukumbini kwetu kila mtu aligusa apendavyo. Badala ya kukiri kosa langu, nikapayuka: "Jamani nyie, mwoneeni huruma, haoni!"

Mzee akaugeuza uso wake upande wa sauti yangu. "Mwalimu, huruma ninayo ya kutosha nyumbani. Nyamaza."

Hata leo nikikumbuka, naona aibu.

Kisha akamwambia fundi kwa upole: "Nikisema naangalia, mkono wangu ni macho. Nikisema nacheza, nikigusa nimecheza. Sawa?"

Fundi akakuna kidevu, akawatazama wenzake. "Sawa. Ila usije ukarudisha kete."

"Naangalia." Vidole vikatembea. "Nacheza." Ko. Redio ya dukani iliimba, ikasoma habari, ikaimba tena, na mimi nimesimama pale nikielea kama niliye usingizini. Mzee akafikisha kete mwisho wa ubao, akapata kingi, watu wakashangilia. Nikaanza kuota ushindi, nikapanga hata maneno ya kwenda kuringia ukumbini. Nilikuwa bado napanga fundi alipokula kete tatu kwa mkupuo. Mchezo ukaisha.

Pale Majengo anayefungwa humpisha mwingine kwenye kigoda, habembelezwi. Lakini huyu walikuwa wamezoea kumkalisha, wakatazamana. Nikauma midomo nisije nikapayuka tena.

"Haya, mzee, umefungwa," fundi akasema. "Inuka, mwenzio anasubiri."

Mzee akainuka, akicheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu, umesikia? Nimefukuzwa!" Kisha akawageukia wale wanaume, akauliza nani wa mwisho kwenye foleni, ili akae nyuma yake.