Mwalimu wa Simu na Dole Gumba la Baba Mtoto

Mwalimu wa binti yangu si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine sitafika hapo.

Ni kijana mwembamba, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi, na sauti yake iko chini kiasi kwamba watoto wa nyuma husogeza madawati mbele wenyewe. Wanamwita Kimya. Mambo yake yote yamo kwenye simu. Jioni hurekodi somo la kesho, unaona mkono wake tu ukikata karatasi vipande vipande kufundisha sehemu, kisha analituma kwenye kundi la wazazi. Watoto watazame nyumbani, asubuhi wakija ni mazoezi. Darasani anapita dawati kwa dawati, anainama, anamwonyesha mtoto alipokosea, anasogea kwa mwingine. Wazazi wanasema hawajapata kuona mwalimu kama huyo. Huenda. Mimi sikuwemo kwenye kundi.

Kanuni yake ni kwamba mtoto mmoja, namba moja ya simu. Anasema zikiwa mbili, mama anajibu hivi, baba anajibu vile, na mwalimu anageuka hakimu wa ndoa za watu. Binti yangu aliandikishwa na baba yake. Yeye ndiye aliyeshika kalamu. Mimi sikusoma, nilishika mwavuli. Baadaye baba mtoto akahamia kwa yule mwanamke wa duka la vipodozi, akaondoka na redio, na pasi, na namba yake ya simu. Pasi niliifuata huko huko mpaka nikaipata, maana kupiga pasi nguo za watu ndiyo kazi yangu. Namba sikujua kama ina maana yoyote.

Mtoto ambaye hajatazama somo nyumbani hulitazama shuleni wakati wa mapumziko, kwenye kishikwambi cha mwalimu. Binti yangu alikuwa huko kila siku. Wenzake wakiruka kamba, yeye anautazama mkono wa mwalimu. Halafu akija kwenye mazoezi wenzake wameshafika mbali. Siku moja akarudi nyumbani, akaweka mkoba chini, akasema, "Mama, mwalimu anasema huenda nikarudia darasa."

Nikampigia baba yake.

"Hayo masomo ya mwalimu yanakufikia?"

"Yananifikia."

"Unayafanyia nini?"

"Najibu."

Asubuhi nikaenda shuleni. Mwalimu alinipa kiti kwa heshima, akafungua simu.

"Mama, nashangaa umekuja. Familia yenu ni ya kijani."

"Kijani ndiyo nini?"

"Mnajibu kila kitu, tena kabla ya wote. Wasiojibu ni wekundu. Kwa hiyo tatizo si nyumbani. Tatizo ni mtoto mwenyewe, hajitumi."

Akanionyesha. Chini ya kila somo, dole gumba la baba mtoto. Tangazo la chanjo, dole gumba. Mtoto wa mwenzetu amelazwa hospitali, dole gumba.

"Mwalimu, huyu haishi na sisi."

"Lakini anafuatilia."

"Anafuatilia nini? Nilikuwa namwambia paa linavuja, ananijibu 'sawa', na paa linaendelea kuvuja. Mwandikie mtoto amepotea, uone."

"Siwezi kuandika uongo, mama."

"Basi andika kweli."

Akaandika huku akitamka: "Mzazi, tunapendekeza mwanao arudie darasa. Je, unaafiki?" Akatuma. Sijakaa sawasawa kwenye kiti, simu ikalia. Dole gumba.

Nilidhani sasa ameona. Kumbe uso ulimshuka kwa jambo jingine.

"Mama, hapa tumejiharibia. Mwenye namba akishaafiki, mfumo wa shule unalipeleka jibu moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Mtoto anarudia."

"Lifute."

"Halifutiki. Mpaka mwenye namba abadilishe mwenyewe."

"Mpigie, basi."

Akapiga, simu ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena. Huyo ndiye mzazi wa kijani.

"Weka namba yangu."

"Kuweka yako, lazima mwenye namba aafiki."

Tukatazamana. Sitasema nani alielewa kwanza. Mwalimu aliivuta simu karibu, akaandika pole pole, kila neno akilitamka: "Mzazi, tunaomba kuondoa namba yako na kuweka ya mama wa mtoto, ambaye ndiye atakayeamua mambo yote ya masomo yake. Je, unaafiki?"

Safari hii jibu lilichelewa. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati. Mimi nikaingiwa na hofu kwamba labda leo, kwa mara ya kwanza, yule mtu anasoma.

Simu ikalia. Dole gumba, na ua jekundu pembeni. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kupata ua.

Mwalimu akaingiza namba yangu. Simu yangu ya kioo kilichopasuka ikatetemeka mapajani.

"Ni lile swali la kurudia darasa," akasema. "Limekuja kwako upya. Hapa ni ndiyo, hapa ni hapana. Bonyeza."

"Sitaki kubonyeza. Wabonyezaji tumeshawaona. Nataka kusema."

Akanionyesha pa kushikilia ili sauti iingie. Nikashikilia, nikasema: "Mimi ndiye mama yake. Harudii. Masomo atayatazama kwangu, nitakaa naye mpaka yaishe. Na wewe mwalimu, ukiona mtoto anabaki nyuma, uje uulize mtu, usiulize rangi."

Alikuwa amekaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane, lakini alingoja ujumbe uingie kwake. Akauweka sikioni, akausikiliza hadi mwisho huku akiitikia kwa kichwa. Kisha akauweka tena, akausikiliza upya.

"Nimeupata, mama," akasema, na kuupeleka kwa mwalimu mkuu.

Binti alivuka darasa. Hakuwa wa kwanza wala wa pili, alikuwa pale pale kwa wale wa mwisho mwisho, lakini alivuka na wenzake. Baba yake mpaka leo hajauliza kwa nini mwalimu hamwandikii tena.